Jicho la Mtoto Linapowasha: Vumbi, Moshi na Maambukizi katika Nyanda za Kibondo na Kasulu

Jicho jekundu la mtoto si ugonjwa mmoja bali ni dalili yenye sababu nyingi, nyingine zisizoacha madhara yoyote na nyingine zinazoweza kuondoa uwezo wa kuona katika muda wa siku chache. Na kinachompa shida mzazi wa Kibondo au Kasulu ni kwamba jicho lililoingiwa vumbi, jicho lenye mzio, jicho lenye maambukizi na jicho lenye kidonda, kwa mtu anayeyatazama kwa haraka, yote ni mekundu na yote yanatoa machozi. Mengi kati ya hayo hupona kwa maji safi na muda. Yale machache yasiyopona hivyo yana dalili zake, na mzazi anayezijua dalili hizo, tena akajizuia kutia jichoni kitu asichokijua, humkinga mtoto wake kuliko mzazi mwenye kabati lililojaa dawa.

Ili kuzielewa dalili hizo, yafaa kwanza kutazama sehemu mbili za mbele ya jicho. Weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope umefunikwa na utando mwembamba uitwao konjaktiva, wenye mishipa midogo ya damu ambayo hutanuka kila utando huo unapokerwa, na kutanuka huko ndiko kunakoleta wekundu. Mbele ya sehemu nyeusi ya jicho ipo konea, yaani tabaka angavu lisilo na mishipa ya damu, ambalo kazi yake ni kupitisha mwanga kama kioo cha chemli kinavyopitisha mwanga wa utambi. Likichubuka na kupata kovu katikati, mtoto huona ukungu maisha yake yote. Konea ina neva nyingi mno za hisia, na hapo ndipo penye ufunguo wa kutofautisha jicho la kusubiri na jicho la kukimbiza hospitali. Konjaktiva ikikerwa, mtoto hulalamika kuwashwa, kuchomwa kidogo au kuwa na mchanga machoni, huamka na matongotongo, lakini hucheza na kutazama huku na huku kama kawaida. Konea ikiumia, mtoto huumwa kwelikweli, hulifumba jicho, hujificha uso kifuani kwa mama ili kukwepa mwanga, na hata kope zikifunguliwa kwa vidole hukataa kutazama.

Katika nyanda za Buha, zilimo Kibondo na Kasulu, zinazopanda kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi mpaka wa Burundi, mwaka una mvua ndefu inayoanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kikavu kuanzia Juni hadi Septemba, ambapo udongo mwekundu wa barabara na viwanja vya shule hugeuka vumbi laini linaloinuka kwa kila pikipiki inayopita. Kiangazi hicho ndicho msimu wa kuchoma matofali na kusafisha mashamba kwa moto, hivyo vumbi na moshi hukutana juu ya macho ya mtoto yuleyule. Jikoni nako, mafiga matatu na kuni zisizokauka vizuri hutoa moshi unaomkuta mtoto akiwa amebebwa mgongoni au amekaa karibu na moto, kwa urefu uleule ambao moshi hutanda kabla haujapata njia ya kutokea. Jicho lililokerwa na moshi hutambulika kwa urahisi: macho yote mawili huwa mekundu jioni, mama naye huwa na hali hiyohiyo, hakuna usaha, na asubuhi baada ya usingizi wekundu hupungua wenyewe. Dawa yake haimo katika kichupa. Ni kukausha kuni, kufungua tundu la moshi juu ya ukuta, kuhamishia moto nje pale mvua isiponyesha, na kumweka mtoto upande ambao upepo hauelekei. Ni ajabu kwamba mawaidha kuhusu moshi wa jikoni hutaja mapafu kila mara na macho kwa nadra sana, ilhali macho ndiyo yanayolalamika kwanza.

Msimu wa mavuno una hatari nyingine. Wakati wa kupura maharage kwa fimbo, maganda makavu huruka, na katika shamba la mahindi jani moja lenye ukingo mkali laweza kuchana konea ya mtoto anayekimbia katikati ya mistari. Chembe iliyoingia jichoni huondolewa kwa kumwagia maji safi kwa wingi, au kwa kuvuta kope ya juu kidogo juu ya ile ya chini ili nywele za kope ya chini ziifagie. Isipotoka, haifai kukwanguliwa kwa njiti, kwa ncha ya kanga wala kulambwa kwa ulimi, bali mtoto apelekwe zahanati au kituo cha afya ambako kope ya juu yaweza kugeuzwa, maana chembe nyingi hujificha chini yake na kuikwaruza konea kila mtoto anapopepesa. Mchubuko uliosababishwa na mmea huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu majani na maganda huweza kuingiza kuvu ndani ya konea, na kidonda cha kuvu huanza polepole: siku za kwanza jicho huonekana linapata nafuu, kisha maumivu hurudi na doa jeupe hutokea mbele ya mboni.

Kwa vitu vinavyounguza, mpangilio wa hatua hubadilika kabisa. Chokaa ya ujenzi, maji ya betri, utomvu mweupe wa mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba, na sumu ya swila, nyoka anayetema mate yake kuelekea machoni, vyote huendelea kuunguza konea kila dakika vinapobaki humo. Kwa hiyo maji huja kwanza na safari ya hospitali huja baadaye. Jicho hufunguliwa na kumwagiwa maji safi mfululizo kwa muda usiopungua nusu saa, chembe za chokaa zikiondolewa kwa kitambaa kilicholowa, na kama maji safi hayapo, maji yoyote yanayonyweka ni bora kuliko kungoja. Mzazi anayemfunga mtoto kitambaa na kukodi bodaboda bila kumwosha amepoteza muda ambao hakuna daktari wa macho anayeweza kuurudisha.

Mzio, yaani mwili kukabiliana kupita kiasi na vitu visivyo na hatari kama vumbi na chavua, ni sababu ambayo wazazi wengi huidhania kuwa maambukizi yasiyopona. Namna yake iliyo kali hujulikana kitaalamu kama keratokonjaktivitisi ya venali. Huwapata zaidi wavulana wa umri wa shule ya msingi, hurudi tena na tena kwa miaka, na katika wengi hutulia mtoto anapobalehe. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa shule nchini Rwanda, jirani wa nyanda hizi, na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, uliikuta kwa takriban watoto 4 katika kila 100, na ukaonyesha kuwa inasababisha utoro shuleni. Alama yake kuu ni kuwashwa: mtoto husugua macho kutwa nzima, ute wake ni mweupe na huvutika kama uzi badala ya kuwa usaha wa njano, weupe wa jicho huweza kuchukua rangi ya kahawia, na ukingo wa konea huvimba kidogo. Kusugua ndiko kunakolisha ugonjwa, kwa kuwa kila msuguo huzifanya seli za mzio zimwage tena kemikali ya kuwasha. Kwa hiyo kitambaa kilicholowa maji ya baridi, kuosha uso mtoto atokapo mchezoni, na kofia yenye ukingo wakati wa vumbi vina maana kubwa kuliko vinavyoonekana. Yapo matone ya kuzuia mzio, kama ya sodiamu kromoglikati, ambayo hutumiwa kwa wiki nyingi na hayatoi nafuu ya papo hapo.

Hapo ndipo unapozaliwa mtego. Matone yenye steroidi, mara nyingi yaliyochanganywa na antibiotiki katika kichupa kimoja, huondoa wekundu na muwasho kwa siku mbili, na mama aliyehangaika miezi mitatu huona amepata tiba. Lakini steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu bila kupimwa huongeza shinikizo ndani ya jicho na kuua neva ya kuonea, jambo linaloitwa presha ya macho, na huweza kuleta mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi. Zikitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha kuvu au cha kirusi cha herpesi, hukiharakisha kidonda. Dawa hizi zina nafasi yake, tena kubwa, mikononi mwa mtaalamu anayeweza kupima presha ya jicho. Dukani, kwa ushauri wa jirani aliyewahi kuzitumia, hazina nafasi yoyote.

Maambukizi ya konjaktiva huletwa na bakteria au na virusi. Ya bakteria hutoa usaha wa njano unaogandisha kope asubuhi, na kwa kawaida hupona ndani ya siku 7 hadi 10, mapema zaidi kwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya 1% yanayopatikana katika zahanati. Ya virusi hutoa machozi mengi, huanza jicho moja na kuhamia la pili, huandamana na mafua, na huenea nyumba nzima kwa kasi. Mwezi Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa aina hiyo jijini Dar es Salaam, uliokuja kujulikana na kila mtu kwa jina la «red eyes», na ikalazimika kuwaonya wananchi wasitie machoni dawa zisizo rasmi. Milipuko kama hiyo si migeni barani Afrika: ule ulioanza Accra, Ghana, mwaka 1969, uliitwa Apollo kwa kuwa ulitokea wakati chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na ukasambaa nchi nyingi. Virusi hivi havisafiri kwa kutazamana, kama inavyoaminiwa na wengi. Husafiri kwa vidole, taulo, mto wa kulalia na kingo za dawati. Katika darasa ambamo watoto wanne hukalia dawati moja, au katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na ambamo familia huishi kwa kubanana, jicho moja hufika kumi kabla wiki haijaisha. Antibiotiki haziui virusi. Mtoto hubaki nyumbani wakati macho yanatiririka, hupewa kitambaa chake peke yake, na anayemhudumia hunawa kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa.

Namna ya kuhudumia jicho lenye matongotongo ni ileile kwa maambukizi yote, na inastahili kufanywa vizuri. Maji huchemshwa na kuachwa yapoe. Pamba au kitambaa safi hulowekwa na kuwekwa juu ya kope zilizogandana mpaka uchafu ulainike, kisha hupanguswa mara moja kutoka upande wa pua kwenda nje, na kipande kipya hutumika kwa jicho la pili. Ndipo kope ya chini huvutwa na mafuta ya dawa hutiwa katika mfereji wake bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Mafuta yanayotiwa juu ya usaha usiosafishwa hayafiki yanakotakiwa, na tyubu inayozungushwa kwa watoto wote wa nyumba huwagawia ugonjwa pamoja na dawa.

Suala la maji ya kunawa uso lina historia yake nchini Tanzania. Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti waliofuatilia trakoma, inayoitwa vikope, yaani maambukizi ya bakteria yanayorudiarudia hadi kope zikapata makovu na kugeuza nywele zake kuelekea ndani, waligundua kuwa familia nyingi ziliona maji ni machache mno kutumiwa kwa nyuso za watoto. Yalipofanywa maonyesho ya wazi, lita moja iliosha nyuso nyingi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kuwa katika vijiji vilivyohimizwa kunawisha watoto nyuso baada ya tiba ya wote, trakoma kali ilipungua kuliko katika vijiji vilivyopata tiba peke yake. Kongwa ni nchi kame ya ng'ombe na nzi, tofauti na vilima vya Kasulu vyenye chemchemi mabondeni. Lakini ndoo inayopandishwa kichwani kutoka bondeni hadi nyumba iliyo juu ya kilima nayo huhesabiwa kikombe kwa kikombe, na uso wa mtoto huwa wa mwisho katika mgao. Kikombe kimoja cha maji asubuhi kinatosha, nzi nao hupoteza chakula chao.

Mtoto mchanga ana kanuni yake ya pekee. Usaha machoni katika siku 28 za kwanza ni dharura, kwa sababu vimelea vya kisonono anavyovipata wakati wa kuzaliwa huweza kutoboa konea ndani ya siku chache. Daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alionyesha mwaka 1881 kuwa tone la nitrati ya fedha baada ya kujifungua lilipunguza ugonjwa huo kutoka takriban 10% ya watoto hadi chini ya 1%; leo mafuta ya tetrasaiklini hufanya kazi hiyo ndani ya saa ya kwanza, na mtoto aliyezaliwa nyumbani ndiye anayeyakosa. Machozi matupu bila wekundu kwa mtoto wa miezi michache ni jambo jingine: mara nyingi mfereji wa machozi haujafunguka, na kwa wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja.

Lakini upofu wa utotoni nchini haukutokana na macho ya kuwasha tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea uliona kuwa zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Surua hukausha jicho, humaliza akiba ya vitamini A mwilini na kufungua njia kwa herpesi. Na vitamini A ikikosekana, mtoto huanza kwa kujikwaa jioni wenzake wanapoona, weupe wa jicho hupoteza mng'ao, kisha konea hulainika na kuyeyuka bila wekundu mwingi, jambo linalowadanganya wazazi. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya Hospitali ya Mvumi, Dodoma, yaliyoonyesha kuwa vitamini A ilipunguza vifo vya watoto waliolazwa kwa surua, hasa wadogo wa chini ya miaka miwili. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubella hutolewa katika miezi 9 na 18, na matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa kawaida Juni na Desemba. Mkoa wa Kigoma, nyumbani kwa michikichi, una faida ambayo mikoa mingi haina: mawese mekundu ni miongoni mwa vyakula vyenye karotini nyingi kuliko vyote, na mwili huigeuza karotini hiyo kuwa vitamini A. Kijiko cha mawese juu ya kisamvu au maharage ya mtoto kina thamani, mradi hayakuchemshwa mpaka rangi nyekundu ikatoweka, maana rangi hiyo ndiyo karotini yenyewe.

Majani yaliyopondwa, mkojo, chai, chumvi na sukari iliyosagwa huendelea kutiwa machoni, na kuwalaumu watu kwa hilo bila kutazama umbali wa zahanati ni kukosa haki. Hata hivyo matokeo yanajulikana: katika uchunguzi wa wagonjwa wa vidonda vya konea nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 1994, takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Baadhi ya majani yana utomvu unaounguza, mengine hubeba kuvu, na mkojo huweza kubeba vimelea vya kisonono. Maziwa ya mama, ambayo wengi huyaona hayana dhara, hayana usafi wa dawa na huchelewesha safari. Mganga wa kienyeji anayekubali kumwelekeza mgonjwa wa macho zahanati bila kumtia chochote ameokoa macho mengi.

Safari hiyo haipaswi kusubiri ikiwa mtoto ana maumivu makali, anakwepa mwanga, haoni vizuri, ana doa jeupe juu ya konea, amechomwa au kugongwa jicho, kope zimevimba pamoja na homa, au wekundu umepita wiki moja bila nafuu. Mng'ao mweupe ndani ya mboni, unaofanana na jicho la paka usiku, au kengeza lililotokea ghafla kwa mtoto mdogo, hata kama haliumi, huweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayotibika ikiwahiwa. Zahanati huelekeza hospitali ya wilaya ya Kibondo au hospitali za Kasulu, kama ile ya Kabanga, na kutoka hapo Maweni, Kigoma mjini, au Bugando, Mwanza. Mzazi afike na kila kichupa na kila jani lililokwisha kutumika, kwa kuwa mhudumu asiyejua kilichotiwa jichoni hutibu kwa kubahatisha, na mhudumu anayeuliza bila kukaripia ndiye anayeambiwa ukweli.

Jicho likishapona, bado linahitaji kupimwa. Mtoto mwenye jicho moja zima hutembea, husoma na kucheza bila mtu kugundua kuwa la pili limefifia, na ubongo wa mtoto wa chini ya miaka saba au minane huzoea kulipuuza jicho lisiloona vizuri hadi uwezo wake ukapotea hata kama konea imesafika. Kwa hiyo kila jicho hufunikwa kwa zamu na mtoto huambiwa ataje vitu vilivyo mbali, na kama anakataa kabisa kufunikwa jicho moja huku akikubali la pili, ndilo hilo la pili linalohitaji daktari.